Daraja Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe siitaji jina. Simwogopi mtu, ila bado naishi humo, na nina kiwanja ambacho sitaki kije kupimwa upya. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina viongozi wengi kuliko viti, ndiyo maana kila mwaka viti huongezwa.

Basi wakati mmoja iligundulika kwamba vijana wa nchi hiyo hawajui uongozi. Aliyegundua alikuwa kiongozi aliyekalia kiti chake tangu vijana hao hawajazaliwa, kwa hiyo alikuwa amepata muda mzuri wa kuwachunguza. Alilia kwenye televisheni. Akauliza, "Tukiondoka sisi, nani atatuongoza?" Watu walilifikiria swali hilo wakaona kweli ni gumu. Kabla wiki haijaisha ikaundwa Wizara ya Vijana, Kamba na Uongozi.

Wizara ikaamua kwamba wote waliomaliza kidato cha nne wapelekwe porini kwa zamu, wakajifunze kulala kwenye mahema, kupanda kamba, kuvuka mito na kufanya kazi kwa ushirikiano. Mjini ushirikiano ulikuwa umekwisha, lakini wataalamu waliamini porini upo wa kutosha. Na ili jambo lisichezewe, likatoka tangazo: asiye na cheti cha kambi haingii kidato cha tano, hata awe amefaulu namna gani.

Ili watoto wajifunze kulala chini, maofisa wa Wizara walilipwa posho ya kulala chini. Wakalala hotelini, ghorofa ya chini.

Mimi nilichukuliwa kuwa mpishi. Nimepika harusi na misiba miaka mingi, na kambi ni kitu kilicho katikati ya hivyo viwili.

*

Kambi yetu ilikuwa kando ya Mto Lumbu. Barabara iliishia ng'ambo ya pili, kwenye kiuwanja cha mchanga ambako magari hugeuzia. Huku kwetu kulikuwa na mahema, jiko langu, na meza kuu. Meza kuu ndiyo iliyowekwa kwanza. Ilikuwa na kitambaa cheupe, maua ya plastiki, maji ya chupa na turubai la kuzuia jua, na ililindwa na askari usiku na mchana asije mtoto akakaa kivulini.

Mkuu wa kambi alikuwa Daktari Wenseslaus Kipangule. Udaktari wake ulikuwa wa ushirikiano. Aliuandikia kitabu kinene, peke yake, katika chumba alichokifunga kwa komeo.

Watoto walipofika wakayasimamisha mahema vizuri sana, kisha wakaagizwa kulala nje. Kila hema lilikuwa limefungwa utepe mlangoni, kwa sababu kambi ilikuwa bado haijafunguliwa rasmi, na kambi hufunguliwa na mgeni rasmi. Kamba za kupandia zilifungwa utepe. Choo kilifungwa utepe. Sufuria langu kubwa lilifungwa utepe.

Nikamwendea Daktari. "Mheshimiwa Daktari, nitapikaje?"

"Pika kwa majaribio," akasema.

"Na hao watakula nini?"

"Watakula kwa majaribio."

Basi ugali ukawa wa majaribio, yaani nusu. Choo nacho kiliruhusiwa kwa majaribio, ila wanafunzi waliombwa wasikizoee.

Jioni ya kwanza alikuja jikoni binti mmoja mrefu, mkavu, anaitwa Zamoyoni. Mama yake anauza vitumbua stendi ya mji fulani ambao nao siutaji. Matokeo ya binti huyu yalikuwa yametoka, na amefaulu kwa alama ambazo shule yao haijawahi kuziona. Nafasi ya kidato cha tano inamsubiri. Kilichobaki ni cheti cha kambi tu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Una njaa?"

"Njaa ninayo, lakini siyo iliyonileta. Nataka kukuuliza. Hapa mtu akitaka kupata cheti, anafanya nini?"

"Anakaa kimya."

"Basi?"

"Na makofi. Ukiona wenzako wanapiga, piga. Ukiona hawapigi, itazame meza kuu."

Akacheka, akakaa kwenye gunia. "Maana mimi sikuja kumwongoza mtu, Mjomba. Nataka cheti changu niende shule."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Tangu nifike pale sikuwa nimeona mtu akiongozwa kwenda popote.

*

Masomo yakaanza, kwa majaribio.

Somo la kwanza lilikuwa la kuanguka. Nasikia katika nchi nyingine mmoja hujiangusha kinyumenyume na wenzake humdaka, ili wajifunze kuaminiana. Kwetu somo hilo lilikuwa limeboreshwa na kamati. Kiongozi anaanguka, hadakwi, kisha wenzake wanasimama mmoja mmoja kueleza kwamba hajaanguka. Kijana mmoja mnene, mtoto wa diwani, alieleza kwamba kiongozi wake yuko chini kwa makusudi, anakagua udongo. Daktari akaguswa. Akampa alama zote na kumpa mkono.

Ilipofika zamu ya kundi la Zamoyoni, mwenzake alijirusha nyuma, na binti akamdaka.

"Umefanya nini?" akauliza Daktari.

"Nimemdaka, Daktari."

"Nani kakutuma?"

"Alikuwa anaanguka."

"Naona alikuwa anaanguka. Sasa wenzako wataeleza nini?"

Akapewa sifuri.

Somo la pili lilikuwa la kubeba gogo kutoka jikoni hadi kwenye kichuguu. Makundi mengine yaliunda kamati ya gogo, yakachagua mwenyekiti, makamu na mlezi, yakapiga picha na gogo. Mtoto wa diwani alikaa juu ya gogo ili kulipa uzito wa kitaifa. Kundi la Zamoyoni likasimama wanne huku, wanne kule, likahesabu pamoja, likanyanyua. Daktari alikuwa bado anatoa maneno ya utangulizi.

"Gogo lenu liko wapi?" akauliza alipogeuka.

"Kule kichuguuni, Daktari, ulikosema."

Daktari akavua miwani. "Mimi nilisema lipelekwe. Sikusema lifike."

"Sasa tulirudishe?"

"Binti, wewe hujui uongozi. Umemaliza kazi asubuhi yote hii. Kesho utaongoza nini?"

Ikawa sifuri ya pili. Daktari akamwambia mbele ya wote kwamba akipata ya tatu ataondoka bila cheti, na kidato cha tano akakisikie redioni.

Siku hiyo alikuja jikoni akaosha masufuria bila kuombwa. Hakulia. Aliyasugua tu mpaka nikaogopa yatatoboka.

*

Somo la tatu lilikuwa daraja.

Mpaka hapo unga wetu ulikuwa unateremshwa ng'ambo na lori, na watoto wanaufuata kwa kupita majini, kila mmoja na mfuko wake kichwani. Daktari akaagiza wajenge daraja. Ikaundwa kamati chini ya mtoto wa diwani. Ikakaa kutwa ikijadili jina la daraja. Ikakaa tena kutwa ikijadili kama jina likae upande huu au upande ule. Zamoyoni alikuwa kimya kabisa. Alipiga makofi kila mtu alipopiga.

Kisha mtoto mmoja akateleza, na unga wa jioni ukaenda na maji. Tuliutazama ukielea kama povu la sabuni. Nikatangaza kwamba hata ugali wa majaribio haupo.

Zamoyoni alikuwa anakosha sufuria. Akainama, akaanza kuliambia sufuria, kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto. "Hivi lile gogo la kichuguuni likilazwa kwenye jiwe kubwa pale mto unapobana, halafu lingine pembeni yake, na kamba ya kupandia ikafungwa kwenye ule msufi huku na ule mti mwingine kule, ya kushikilia, si watu wangepita? Mimi naongea na sufuria tu."

Watoto waliokuwa karibu na sufuria wakatazamana. Jua halijazama, daraja lilikuwa limekwisha. Nililipita mimi mwenyewe, na mimi si mwepesi, halikulia hata kidogo.

Daktari alipoliona alifurahi sana. Akampa alama zote mtoto wa diwani, kwa sababu jina lilikuwa bado halijapatikana na hivyo kamati ilikuwa bado ina uhai. Halafu akalifunga utepe, huku na huku. Akachomeka kibao kinachosema daraja limefunguliwa na Mheshimiwa Barnabas Lugendo, Naibu Waziri wa Vijana, Kamba na Uongozi. Kibao kilikuwa kimechongwa mjini kabla ya kambi kuanza. Nafasi ya kutaja kilichofunguliwa ilikuwa imeachwa wazi, wakaijaza kwa chaki.

Kuanzia siku hiyo watoto waliendelea kuufuata unga kwa kupita majini, kandokando ya daraja lao, mifuko kichwani. Walipofika usawa wa kibao walitakiwa kuinamisha vichwa kwa heshima. Ndipo mifuko miwili zaidi ikaenda na maji.

*

Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa tatu ya serikali, kila mtu anaijua, huwa baada ya chakula cha mchana. Watoto walipangwa mistari tangu alfajiri. Pilau lilikuwa tayari, nalo limefungwa utepe. Sinia lenye mkasi lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa cha kufumwa.

Milimani mvua ilikuwa inanyesha tangu jana yake. Msafara ulipotokea ng'ambo, mto ulikuwa umevimba na una rangi ya chai ya maziwa. Magari yakajipanga vizuri kwenye kile kiuwanja cha mchanga, watu wakashuka, wakanyoosha suti. Hapo ndipo bonde dogo walilolipita nyuma yao nalo likajaa. Wakabaki kwenye kisiwa, na kisiwa chenyewe kilikuwa kinapungua.

Mheshimiwa Lugendo alikuwa mtu wa tumbo na tabasamu. Kando yake alisimama afisa itifaki, Bi Sekela, mama mwembamba mwenye kipaza sauti. Huku kwetu Daktari Kipangule naye alikuwa na kipaza sauti. Mazungumzo yakapita juu ya maji.

"Daktari, mgeni rasmi amefika," akasema Bi Sekela. "Leteni mkasi."

"Karibuni sana. Mkasi upo kwenye sinia. Lakini hatuwezi kuuleta."

"Kwa nini?"

"Daraja halijafunguliwa."

"Lifungueni."

"Hatuwezi. Mgeni rasmi yuko huko."

"Basi aje huko."

"Atapitaje, Bi Sekela? Daraja halijafunguliwa."

Maji tu ndiyo yaliyopita bila kufunguliwa.

Mimi nikasema, si Mheshimiwa ainame kidogo apite chini ya utepe? Daktari akalirusha wazo langu ng'ambo. Bi Sekela akajibu kwamba mtu wa ngazi ya Naibu Waziri hainami chini ya utepe. Mtendaji wa kata anaweza. Dereva mmoja akasema ana panga kwenye buti. Akaambiwa akae nalo. Utepe hukatwa kwa mkasi, mkasi hutoka kwenye sinia, sinia hushikwa na binti nadhifu. Mtoto wa diwani akashauri mkasi urushwe. Mlinzi wa Mheshimiwa, aliposikia habari ya kumrushia Naibu Waziri mkasi, akaishika bunduki yake vizuri.

"Tusipoteze muda," akasema Daktari. "Wakati tunatafakari, tufanye utambulisho."

Akaanza kutambulisha. Aliowataja wa ng'ambo walisimama na kupunga mkono, kisha wakapanda juu ya boneti, maana maji yalikuwa yamefika kwenye magurudumu. Alimtambulisha mwenyekiti, akamtambulisha mjumbe, akamtambulisha mwakilishi wa mjumbe. Kila mmoja alipigiwa makofi, na kila mmoja alipanda ngazi nyingine ya gari. Mheshimiwa waliweka kiti chake juu ya paa, wakamkalisha. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimekwenda na maji. Lakini alikuwa juu kuliko wote, kwa hiyo kwa upande wa itifaki hapakuwa na tatizo.

Zamoyoni alikuwa amesimama karibu nami, kwa sababu yeye ndiye aliyechaguliwa kushika sinia. Alikuwa ndiye pekee mwenye sare isiyo na tope, kwa vile hakuwa na nyingine akaichunga.

"Mjomba," akaninong'oneza, "wale watu watakufa kweli."

"Watakufa kwa utaratibu."

"Mkasi ninao mkononi. Nikikata, ni sifuri ya tatu."

"Ndiyo."

"Na shule basi."

"Na shule basi," nikasema. Sikutaka kumdanganya.

Akalitazama daraja, akamtazama Daktari aliyekuwa sasa anamtambulisha katibu muhtasi wa mwenyekiti. Halafu akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Daktari, naomba kumsalimia mgeni rasmi."

Salamu haikataliwi katika nchi yetu. Daktari akampa kipaza sauti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti kutoka juu ya paa.

"Pole na safari."

"Ahsante, nimeshapoa."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," akasema Mheshimiwa, akikunja miguu.

"Mimi natoka shule ambayo ulitarajiwa kuja kufungua choo mwaka juzi. Ukapata udhuru, ukatuma mwakilishi akaja kufungua kwa niaba yako."

"Nakumbuka sana," akasema Mheshimiwa, na sura yake ilionyesha hakumbuki.

"Sasa leo, Mheshimiwa, hujapata udhuru?"

Mheshimiwa akaitazama soksi yake. Akautazama mto. Uso ukamkunjuka taratibu. "Nimepata," akasema. "Nimepata udhuru mkubwa sana."

"Basi si utume mwakilishi?"

"Mwakilishi wangu yuko huku nami. Yule pale, kwenye boneti."

"Nitume mimi. Mimi niko huku."

Pande zote mbili watu wakamgeukia Bi Sekela. Alikuwa amesimama kwenye bampa, maji magotini, anafikiri. Nasema kweli, sijaona mtu anayefikiri kwa uaminifu kama yule mama.

"Mwakilishi anaruhusiwa," akasema hatimaye. "Umri haukutajwa popote. Lakini mwakilishi hakati utepe kabla ya kutoa hotuba ya mgeni rasmi, yote. Na hotuba iko kwenye gari."

"Gari gani?"

Bi Sekela akaonyesha antena ya gari la mwisho, lililokwama bondeni.

"Basi nitaitoa bila kuisoma," akasema Zamoyoni. "Nikikosea, Mheshimiwa atanisahihisha. Si yuko hapo?"

*

Alisimama mbele ya meza kuu na sinia lake. Kisha akaanza, na sauti ilikuwa ile ya stendi, ya kuita wateja.

"Ndugu Mkuu wa Kambi, walimu, wanafunzi, na mimi mwenyewe niliyeko ng'ambo juu ya gari. Itifaki imezingatiwa."

Makofi.

"Mimi Naibu Waziri ningependa sana kuwa nanyi leo, lakini nimepata udhuru wa maji. Nawapongeza kwa kujenga daraja hili kwa mikono yenu, bila mkandarasi, ndiyo maana limekwisha."

Mheshimiwa alipiga makofi kule juu, kwa mazoea.

"Nikiwa hapa kwenye paa nimetafakari habari za uongozi. Nimeona kwamba mtu akianguka ni vizuri adakwe. Nimeona pia kwamba gogo likifika si vibaya."

Daktari akakohoa. Kipaza sauti cha Bi Sekela kikasema, "Msimkatize mgeni rasmi."

"Kwa hiyo naagiza," akaendelea Zamoyoni, na hapo watoto wote wakanyamaza, maana hata wao wanajua neno hilo lina uzito gani. "Naagiza tepe zote za kambi hii zikatwe leo, wa choo uwe wa kwanza. Naagiza chakula kikiiva kiliwe, na wenye njaa waanze. Naagiza kile choo nilichokifungua mwaka juzi kichimbwe."

"Mwambie aharakishe," Mheshimiwa akamwambia Bi Sekela, lakini sote tulisikia.

"Na mwisho naagiza kila mwanafunzi aliyepo hapa apewe cheti chake leo, niliyeko juu ya gari nikisaini mwenyewe nikishashuka. Hata mwenye sifuri mbili. Na hata akiongezewa ya tatu kwa ajili ya mambo ya leo." Akamgeukia aliyeko paani. "Mheshimiwa, nimekosea mahali?"

Maji yalikuwa yamefika kwenye vioo.

"Hujakosea hata neno," akasema Mheshimiwa Lugendo. "Ndivyo nilivyoandika. Kata, mwanangu, kata."

Akakata. Utepe wa huku ukaanguka, akapita mbio juu ya magogo, akakata wa kule. Kisha hakuna aliyetoa hotuba tena. Watoto walishika kamba, mmoja huku mmoja kule, wakajipanga katika urefu wote wa daraja, wakawa wanapokezana watu wazima kama matofali. Sikusikia kamati ikiundwa. Mheshimiwa alipita wa kwanza, kama itifaki inavyotaka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kiongozi akitangulia kweli.

Katikati ya daraja akateleza. Zamoyoni akamdaka kwa mkanda wa suruali.

Watoto wote, kwa sauti moja, kama walivyofundishwa, wakatangaza, "Hajaanguka. Anakagua gogo."

Mheshimiwa alifurahi sana. Alisema hajawahi kuona vijana walioiva kiasi kile.

*

Watoto walikula kwanza. Wageni wakala baadaye, wamejifunga shuka za kambi. Mheshimiwa alikaa karibu na moto wangu, na kadiri alivyokauka ndivyo alivyorudi kuwa Naibu Waziri. Alipokauka kabisa akawaita Daktari na Bi Sekela.

"Yale maagizo," akasema. "Yule binti aliyatoa wapi?"

"Ndivyo na mimi nilivyotaka kusema," akadakia Daktari Kipangule. "Yafutwe. Na binti aondoke leo. Kuna adabu."

Zamoyoni alikuwa anachota maji ya kunywa. Mkono ukasimama hewani na kikombe.

Bi Sekela alikuwa anakamua sketi yake. "Yanafutika," akasema, bila kumtazama mtu. "Tukisema hakuwa mwakilishi halali, maagizo yanafutika palepale. Lakini kama hakuwa halali, utepe haukukatwa. Kama utepe haukukatwa, daraja halijafunguliwa. Na kama daraja halijafunguliwa, Mheshimiwa hajavuka."

"Sijavuka?"

"Kwa itifaki, hujavuka. Itabidi urudi ng'ambo, tuanze upya."

Mheshimiwa aliutazama mto. Gari lake lilikuwa limebaki antena na ncha ya kiti. Alikitazama kile kiti kwa muda.

"Agizo langu," akasema, "ni agizo langu. Leteni vyeti."

Akasaini vyote palepale, juu ya mfuniko wa sufuria langu. Daktari, kwa kuwa alikuwa na haki ya kujaza alama, alijaza. Cheti cha Zamoyoni kilikuwa na muhuri wa taifa, saini ya Naibu Waziri, na maneno haya: *Ushirikiano, sifuri. Uongozi, sifuri. Ana tabia ya kumaliza.* Binti alikikunja akakitia kifuani. Sharti lilikuwa cheti. Hakuna aliyetangaza cheti kiseme nini.

Nasikia na kile choo cha shuleni kwao kilichimbwa. Kilianza kutumika siku hiyohiyo, kwa sababu kufunguliwa kilikwisha kufunguliwa.

Maji yalipopungua wageni wakaondoka. Gazeti likaandika kwamba Naibu Waziri aliyashinda mafuriko kwa hotuba. Watoto nao wakafunga mizigo yao. Walipofika darajani wakamkuta Daktari amesimama katikati na utepe mpya mkononi.

"Mnakwenda wapi? Kambi haijafungwa."

"Si Mheshimiwa alikuwepo?" akauliza mtoto wa diwani.

"Aliyefungua hafungi. Anayefunga lazima amzidi cheo aliyefungua. Tunamsubiri Waziri mwenyewe."

Watoto wakamtazama Zamoyoni. Akaweka begi chini, akamsogelea Daktari kwa adabu, mikono nyuma.

"Daktari, Waziri akifika tunaomba utusalimie. Mwambie sisi wanafunzi tulipenda sana kuwepo, lakini tumepata udhuru. Tunakuachia wewe utuwakilishe."

Daktari Kipangule alifikiri. Alitafuta kosa, hakuliona. Akasogea pembeni, akawapisha. Nilifunga jiko langu nikaondoka nao, nimejitwika sufuria, na kwenye daraja Zamoyoni akanishika kiwiko nisije nikaanza kukagua magogo.

Majuzi nilipita kule nikienda kupika harusi. Wanakijiji wanalitumia daraja vizuri, mbuzi wanapita, akina mama wanapita, na chaki imefutika kwenye kibao, kwa hiyo haijulikani tena Mheshimiwa alifungua nini. Nikachungulia kambini. Mahema yameliwa na mchwa. Meza kuu ipo, kitambaa cheupe kipo, maua ya plastiki yapo. Na Daktari yupo, amekaa, tai imenyooka, mkasi kwenye sinia mbele yake.

"Daktari," nikamwita, "bado tu?"

Akatazama saa yake, akatazama barabara.

"Yuko njiani," akasema.